Kamba ya Mlango wa Jikoni

8 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama kwa mwanao, kaka yangu, na goti halikukusumbua njiani. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota jino la pili na sasa kila kitu lazima akipime kwa ufizi, kijiko, kiatu, sikio langu, mpaka tumembatiza Mkaguzi. Baba yake bado yuko kwenye kambi ya barabara. Anarudi kila baada ya Jumapili mbili, anakula, analala kama gogo, tukianza kuzoeana tena anaondoka.

Ulivyoniomba nikae kwako miezi hii ya matibabu, nilidhani mimi ndiye ninayekusaidia. Kumbe. Kule kwetu chumba kilikuwa kimoja, nikipika mtoto anakohoa. Hapa nimefungua mlango wa jikoni Jumamosi asubuhi nikasimama tu, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Nilijua una bustani, si ndiyo niliyoikanyaga utotoni hadi ukanipa jina la Upepo? Ila sikumbuki kama ilikuwa hivi. Matuta yamenyooka kama yamepigwa pasi, na pasi ndiyo kazi yangu, mstari ulionyooka naujua. Majani ya mti yameanza kupukutika juu yake, mekundu na manjano, na chini yake karoti, vitunguu, spinachi na maboga kila kimoja kimekaa mahali pake, kama watoto wa shule kwenye madawati. Nilimwambia Mkaguzi, tazama kazi ya bibi yako. Akaweka udongo mdomoni.

Nimefanya na usafi kidogo. Ile kamba iliyofungwa kwenye bawaba ya mlango wa jikoni ikazunguka bustani nzima juu ya vijiti, nimeichukua kuanikia nepi. Nilifikiri uliiweka kuzuia kuku, ingawa kuku sikuwaona. Ilikuwa na mafundo chungu nzima, na sisi madobi hatuaniki nguo kwenye kamba ya mafundo, inaacha alama kwenye kitambaa. Nimeyafungua yote, mengine kwa meno, ilinila mchana mzima. Sasa imenyooka safi na nepi zinapepea vizuri.

Niambie nianze na nini, maana baridi inakuja na mimi si mtu wa bustani.

Wako,
Upepo

21 Septemba

Mwanangu Upepo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mjukuu. Mwache ale udongo, wewe ulikula na hukufa.

Kaka yako mzima. Anaendesha treni yake, anarudi, anavua viatu, ananiuliza kama nimekula. Nyumba iko ghorofa ya nne. Udongo wote wa jengo hili umo kwenye chungu kimoja cha maua pale kwenye ngazi, nao ulikuwa umekauka kama biskuti. Naumwagilia maji kwa siri. Goti linaendelea.

Sasa sikiliza. Nyanya zilizobaki zichume hata kama ni mbichi, zitaivia dirishani. Karoti usizing'oe kwa kukisia. Pitisha kidole chini ya majani utasikia mabega yake yametoka udongoni. Bega likiwa nene kuliko kidole gumba, ing'oe. Boga ligonge kwa kucha. Likisikika kama mlango wa chumba kitupu, limeiva. Udongo wa spinachi ushike kiganjani ufumbe. Ukifumbua kiganja nao ukabaki bonge, usimwagilie. Maji asubuhi, kamwe si jioni, jioni yanaganda.

Majani yanayoanguka usiyachome. Yakusanye, uyatandaze kwenye matuta matupu kama shuka. Udongo nao unasikia baridi.

Usifanye kazi zote siku moja. Nakujua.

Shangazi yako

Mafundo yote? Na lile kubwa?

2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Jino la tatu. Homa kidogo juzi, leo anacheka.

Ndiyo, na lile kubwa. Lile ndilo lililonishinda, nililikata kwa kisu.

Sasa nikuambie habari za boga. Niligonga la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likaitika, hivyo hivyo ulivyosema, chumba kitupu. Nikagonga la kwanza tena ili nisikie tofauti, nikajikuta nimepiga magoti kwenye majani nikigonga maboga kama mtu anayetafuta mwenye nyumba. Fundi viatu wa upande wa pili wa uzio akaniuliza kama wamenifungulia. Nikamwambia bado. Na karoti pia, kidole kinajua kabla ya jicho. Nani alikufundisha haya? Mama yangu alilima miaka mingi akiwa hai na sikuwahi kumsikia akisema bega la karoti.

Fundi viatu amenipa kichwa cha vitunguu saumu, kikubwa, anasema wakati wa kuvipanda ni sasa. Nimekiweka rafuni maana sioni pa kukipanda, matuta yako yote yana wenyewe.

Najisifu lakini mambo si mazuri yote. Lile tawi lililoinama la ule mti mkubwa limeshanipiga kichwani mara mbili, nina nundu. Na miche yako ya spinachi nimekanyaga saba nikipita na kopo la maji. Saba, Shangazi. Ninavyoona miaka yote hii hukuwahi kuvunja hata mmoja. Unapitaje?

Mwandiko wako umekuwa mkubwa, barua ya ukurasa mmoja umeijaza kurasa nne. Kaka amekununulia kalamu mpya?

Goti likoje? Hukusema.

Upepo

24 Oktoba

Dada,

Salamu kwako na kwa mtoto. Samahani kwa kuchelewa. Ninayeandika ni mimi kaka yako. Mama ameniagiza nikuambie kwamba goti linaendelea vizuri na nikuulize maboga yamekuwa mangapi.

Hayo ni ya mama. Haya ni yangu.

Goti halina kitu. Halijawahi kuwa na kitu. Ni macho. La kushoto lilizimika mwaka juzi bila kumwambia mtu, la kulia anaona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Alikuja kwangu akidhani wakimtibu atarudi nyumbani kimya kimya na hakuna atakayejua. Walimfanyia upasuaji tarehe sita. Daktari anasema la kulia litabaki lilivyo. Halitazidi kuharibika, wala halitapona.

Naendesha treni ya watu mia tano, kazi yangu ni kutazama mbele, na mama yangu mzazi sikumwona. Nilikuwa nakuja kwake sikukuu, ananipikia, ananikatia mboga, naondoka na mfuko. Sikuona kitu.

Kwa hiyo nimeamua hatarudi huko. Atabaki kwangu. Mtu asiyeona hawezi kukaa peke yake na kisu na jiko na kisima. Mwisho wa mwaka tutatafuta mpangaji, na nyinyi mtakuwa mmeshapata pa kuhamia, nitawasaidia. Nilipomwambia hakubisha. Mama anabishana nami hata juu ya chumvi, hili hakubisha.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi. Nilipofika pale kwenye fundo kubwa na kisu aliniambia niishie hapo. Akageukia ukutani. Sijui ni nini. Labda wewe unajua.

Kaka yako

30 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto mzima. Maboga ni kumi na moja.

Nimekaa na barua ya kaka siku tatu. Siku ya kwanza nilipiga pasi mashati ya watu nikaunguza moja. Siku ya pili nilitoka nje kuanua nepi, nikashika ile kamba, nikasimama nayo mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyeniambia. Mkono wangu ndio ulioelewa.

Nikaenda kwa fundi viatu. Alikuwa anagonga soli, misumari mdomoni, akaitema kiganjani ndipo akasema. Anasema kila asubuhi ulitoka mlango wa jikoni mkono wa kushoto juu ya kamba, wa kulia na jembe, ukihesabu hatua kwa sauti ya chini kama mtu anayeimba. Yeye alidhani unajishikilia kwa sababu ya goti. Siku moja alikuuliza, ukamwambia ashone viatu vyake. Nilipomwambia ni macho, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Mimi nina macho mawili na vitunguu vyangu vimeota kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Sasa mwenye macho nani?"

Basi nilianua nepi zote. Nikajifunga kitambaa cha kichwa machoni, mtoto mgongoni, nikatoka mlango wa jikoni bila kamba. Sikufika mbali. Nilikanyaga karoti, nikapinda mahali pasipo na kona, tawi likanipiga mara ya tatu palepale kwenye nundu, nikakaa juu ya boga. Mkaguzi akacheka mpaka akapata kwikwi. Nikavua kitambaa, nikatazama matuta yako yaliyonyooka, nikalia. Si kwa huruma, usinielewe vibaya. Nililia kwa sababu sijawahi kuona kazi ya mtu iliyo nzuri hivyo, na nilikuwa naishi ndani yake miezi miwili nikiiona ni mboga.

Na njia yako niliifungua mimi. Kwa meno. Nisamehe.

Lakini nimekasirika pia, na nitasema. Neno moja tu, Shangazi. Ungeniambia, "Upepo, kamba usiguse." Si lazima useme kwa nini. Ningetii. Umenifundisha kugonga boga na kushika udongo, barua nzima ulikuwa unaniambia na huniambii. Na mimi nami nilikwambia nina nundu, nawe ukanyamaza, ulijua fundo hilo ni la nini.

Nataka mafundo. Yote, yalivyokuwa, na hatua ngapi kati yake. Uandike mwenyewe, si kaka. Hata kama herufi moja itakuwa na ukubwa wa sahani, karatasi zipo.

Upepo

12 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Naandika mimi. Kaka yako yuko kazini. Mistari ikipanda na kushuka, ifuate.

Ulikuwa na haki kukasirika. Nilisoma kamba ile kwenye barua yako ya kwanza, kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno, asubuhi nzima. Nilitaka kukuandikia irudishe. Nikaona nikisema irudishe utauliza kwa nini, na nikisema kwa nini mtaanza kunishika mkono. Mkianza kunishika mkono hamtaacha tena. Kaka yako hapa ananishika kwenda msalani. Msala uko hatua nne.

Mama yako ndiye aliyenifundisha bega la karoti. Hukumsikia kwa sababu ulikuwa unakimbia.

Haya. Unatoka mlangoni, kamba kushoto. Hatua tano, fundo moja, vitunguu. Hatua tisa, mafundo mawili, karoti. Hatua nyingine tano, mafundo matatu, spinachi. Hapo kamba inapinda. Hatua sita, fundo kubwa, inamisha kichwa, tawi. Ukipita tawi hatua nane ni maboga, hapo hakuna fundo, nilifunga kitambaa cha sufu, maana maboga yanatembea hayakai fundo moja. Halafu kamba imerudiwa mara mbili, maana yake geuka, nyumbani.

Kisima sikukifungia. Kisima nakisikia.

Usijisumbue kuifunga tena. Kaka yako ameshaamua, na ni mtoto mwema, anaogopa tu. Nimekuandikia kwa sababu umeuliza. Katika nyumba hii sijaulizwa kitu ninachokijua tangu nije.

Funika karoti kwa majani kabla ya baridi kali.

Shangazi yako

21 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Na kaka, habari za kazi. Najua wewe ndiye unayesoma, kwa hiyo usiruke mahali, na pale ninapokutaja usishushe sauti.

Mtoto ana meno manne na ameanza kusimama. Anajishikilia kwa kamba. Ndiyo, kamba imerudi. Baba yake alikuja Jumapili akapigilia vijiti upya, vya chini kwa mtoto na vya juu kwa mwenyewe. Mafundo nimefunga mimi, kama yalivyoandikwa. Kisha nikajifunga kitambaa tena, nikatoka mlangoni. Nilipofika kwenye fundo kubwa niliinama, na nikasikia tawi likipita juu ya nywele zangu bila kunigusa. Shangazi, nilirudi nikapita tena mara tatu kwa raha tu. Fundi viatu aliuliza tena kama wamenifungulia. Nikamwambia sasa ndiyo.

Kaka, sasa wewe. Umesema hawezi kukaa peke yake. Hatakuwa peke yake. Mimi na mume wangu tumezungumza, hatutahama. Chumba cha nyuma kinatutosha kuliko tulikotoka. Kisu na jiko nitakuwepo. Lakini nje atatoka mwenyewe, na hakuna atakayemshika mkono asipoomba, wala mimi, wala wewe. Mtu aliyelima hivi miaka miwili bila kumwonyesha mtu, si mgonjwa wa kufichwa ghorofani. Ni fundi. Ukitaka kujua kama nasema kweli, usiniulize mimi, muulize yeye. Ndani ya bahasha kuna uzi. Mpe mkononi, usimwambie ni nini, kaa kimya utazame.

Shangazi, uzi huo ni bustani yako. Upana wa kidole kimoja ni hatua moja. Kitambaa cha sufu nimekata kidogo kwenye ile soksi ya mtoto. Anzia upande uliochomwa kwa moto, huo ndio mlango wa jikoni.

Barua ya mtu inasomwa na mwenyewe. Hii kaka hawezi kukusomea.

Upepo

4 Desemba

Upepo,

Marahaba, na mjukuu naye mwambie marahaba, najua hajaamkia.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Kaka yako akaniwekea uzi kiganjani, akarudi nyuma, nikamsikia anavyopumua. Nikatafuta ncha ya moto. Fundo moja. Nikasema, vitunguu. Nikaendelea. Mafundo mawili. Nikasema, karoti, zimefunikwa majani au bado? Akanijibu hajui. Nikasema, basi twende. Nilimpitisha bustani nzima, mwanangu, kwenye ghorofa ya nne, na nilipofika fundo kubwa niliinamisha kichwa bila kukusudia, hapa kitini. Hapo ndipo alipokaa chini. Chai yake ilipoa.

Siku ya tatu nikasikia kishindo jikoni. Alikuwa amefumba macho, anajaribu kutoka chumbani mpaka kwenye birika, nyumba yake mwenyewe, miaka sita. Kigoda kimevunjika mguu. Nilicheka vibaya. Naye akacheka.

Ana likizo kuanzia tarehe kumi na tisa. Atanileta mwenyewe. Anasema atakaa wiki moja atazame, akiridhika anaondoka, asiporidhika ananirudisha. Nimemwambia sawa. Mpe jembe asubuhi ya kwanza, na kitambaa cha macho, halafu tuone nani anamrudisha nani.

Uzi ninao shingoni. Nimeusoma mara nyingi kuliko barua yoyote, ndiyo maana nakuuliza. Kutoka kwenye vitunguu mpaka kwenye karoti nilikuandikia hatua tisa. Ulivyofunga, tisa zimo, ila kidole kinakwama njiani. Nilidhani umekosea, nikapima tena, na pale katikati nikakuta fundo dogo sana, kama punje, ambalo si langu.

Umeweka tuta bustanini mwangu bila kuniuliza.

Usiniandikie ni nini. Nitafika, nitahesabu, nitapiga magoti hapo ninuse mwenyewe. Ila kama ni vile vitunguu saumu vya fundi viatu, kimbia nje sasa hivi, fukua kimoja, na uhakikishe ulivipanda ncha ikitazama juu.

Shangazi yako